Kobe Hanywi Tisini na Tano

Jumatatu, 3 Juni

Nina hasira. Naanza na hilo kabisa, maana wino wa kalamu hii ni mchache na hasira ni nyingi.

Binti yangu kaondoka asubuhi. Safari ya kikazi, atarudi Jumanne ya wiki ijayo. Kaniachia gari lake. Jekundu! Milango miwili! Limeinama kwa mbele kama paka anayevizia panya. La spoti hasa. Ukiliwasha halingurumi, linatoa sauti ya mtu anayesafisha koo kabla ya kutukana. Nimelipenda papo hapo.

Mimi maisha yangu yote ya kazi nimeendesha mashine ya kushindilia lami. Ile yenye gurudumu la chuma kama pipa. Nusu ya barabara za mji huu zimelala chini kwa sababu nilizilaza mimi. Lakini katika miaka yote ile sikuwahi kukipita kitu chochote isipokuwa nguzo za umeme, nazo zilikuwa zimesimama. Watoto wa shule walikuwa wakinipita asubuhi wakienda, na jioni wakinikuta pale pale. Ndiyo maana wananiita Kobe. Hata keki ya kuniaga kazini iliandikwa Kobe, kwa rangi ya kijani. Nilikula kipande chenye herufi K kwa hasira.

Sasa nimepata mbio uzeeni, nikadhani nitafurahi. Wapi! Binti ana masharti. Alinikalisha kwenye kochi kama mimi ndiye mtoto. Akasema Baba, hili ni jaribio. Nikirudi, utanipandisha kilima cha matangi ya maji. Gari likiwa zima, utaliendesha kila mwisho wa wiki mpaka utakapochoka mwenyewe. Likiwa bovu, utanipa funguo, na kuendesha ndiyo basi tena. Atakuwa anakuendesha Mjomba.

Mjomba! Yaani shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, yule tunayemwita Maabara. Anasema alikuwa mwalimu wa kemia. Mimi nasema alikuwa akiosha chupa. Alikuwepo pale pale, kakunja nne, anatabasamu kwa upande mmoja.

Binti akaongeza la mwisho: petroli ni ya tisini na tano tu, imeandikwa ndani ya kifuniko cha tangi. Maabara akadakia, hakuulizwa na mtu. Akasema namba ile inaitwa oktani. Si nguvu ya petroli, ni uvumilivu wake. Injini ya spoti inaibana petroli sana, na yenye namba ndogo haivumilii, inalipuka kabla ya zamu yake, injini inaanza kugonga. Nikamwambia kama ni habari ya uvumilivu, basi petroli bora kuliko zote duniani ni mkewe.

Binti hakucheka. Mke wangu alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

Jumanne, 4 Juni

Nimetukanwa hadharani.

Nimekwenda kituo cha mafuta. Pale pana mipira miwili ya kujazia, wa kijani ni tisini na moja, wa njano ni tisini na tano. Kuna dada mmoja wa pampu, mrefu, kofia kaigeuza kisogoni. Kabla sijafungua kinywa, kashashika mpira wa njano. Nikamuuliza nani kamwagiza. Akasema Mwalimu alipita hapa asubuhi kunywa kahawa, akaniambia Babu akija na gari jekundu nimpe ya njano, asije akasahau.

Asije akasahau! Babu! Mimi!

Na huyo Mwalimu ni Maabara. Kila asubuhi yuko pale kwenye kibanda cha kahawa, anafundisha watu mambo wasiyomuuliza. Leo kafundisha pampu nzima kwamba nimezeeka.

Nikamwambia dada arudishe mpira wa njano ulikotoka, anipe wa kijani. Akasema lakini Babu, hapa kwenye kifuniko pameandikwa. Nikamwambia kusoma najua, na ninachokijua zaidi ni kwamba mwenye funguo ndiye mwenye gari. Akajaza. Kijani, mpaka juu kabisa, mpaka mpira ukajifunga wenyewe.

Niliondoka pale nimeinua kidevu. Kwenye tambarare gari lilikwenda kama kawaida. Uvumilivu gani? Petroli ni petroli. Mashine yangu ya lami ilikuwa inakunywa dizeli yenye mchanga na haikuwahi kulalamika.

Jumatano, 5 Juni

Limelalamika.

Nilikwenda kujaribu kilima. Kilima chenyewe ni kile cha matangi ya maji, kirefu, hakina kona ya kupumzikia. Chini nikakanyaga. Likaruka! Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilipofika robo ya njia, nikasikia sauti. Kokokoko. Kama mtu anayetikisa maharage makavu ndani ya kopo. Nikakanyaga zaidi, maharage yakaongezeka. Nguvu zikapungua. Jekundu lote lile, milango miwili yote ile, likaanza kupanda kama linakwenda kuomba radhi.

Pikipiki ikanipita. Imebeba godoro. Godoro la watu wawili! Aliyekaa nyuma, kalikumbatia godoro, akanipungia mkono.

Maabara naye nyumba yake ipo katikati ya kilima, upande wa kulia, geti la bluu. Kwa nini mtu ajenge katikati ya kilima kama si kwa ajili ya kuchungulia wanaoshindwa kupanda? Alikuwa nje anamwagilia maua. Akasikia. Akaweka mkono sikioni kama anayesikiliza redio. Akapaza sauti akasema Kobe, gari lako linatafuna kokoto, umelinywesha ya kijani? Nikamjibu nimelinywesha chai ya maziwa. Akasema basi lipe ya njano kabla hujapasua pistoni za mwanao. Nikafunga kioo. Kioo cha gari lile kinapanda polepole, kwa hiyo nilisikia maneno yake yote hadi mwisho, na yule anajua kurefusha.

Sijafika juu. Nimegeuzia kwenye geti lake, maana hakuna mahali pengine pa kugeuzia.

Mke wangu kaniuliza mbona uso umevimba. Nimemwambia jua.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata dawa! Halafu nimeipoteza. Halafu nimekula kiapo. Siku ndefu.

Dawa ilinijia nikiwa nanyoa ndevu. Tangi limebaki nusu, nusu ile ni tisini na moja. Nikiongeza nusu ya tisini na tano, si ndiyo mia moja themanini na sita? Nilikaribia kujikata. Mia moja themanini na sita! Hakuna pampu yoyote inayouza namba hiyo! Maabara na kemia yake yote hajawahi kuifikiria. Mimi sikumaliza shule, ni kweli, lakini kujumlisha hakuna aliyenishinda darasani. Niliondolewa shule kabla ya kugawanya.

Nikaenda kituoni, nikamwambia dada wa pampu anipe ya njano, nusu. Akatoa macho. Akajaza huku mkono mwingine unachezea simu. Sikujua kwamba alikuwa anamwita yule bwana. Kumbe Maabara alishamwambia, siku Kobe akija kuomba ya njano mwenyewe, nijulishe, nitakununulia soda.

Akatokea na kikombe cha kahawa mkononi. Akanipongeza kwa kutii. Kutii! Nikamweleza kuwa sikutii, nimevumbua. Nikamweleza hesabu yangu, taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyeosha chupa maisha yake yote. Dada wa pampu akainama akashika magoti. Wanywaji wa kahawa wote wakashika mbavu. Maabara hakucheka, hilo ndilo lililoniuma. Kanishika bega akasema shemeji, ukichanganya hizo mbili unapata tisini na tatu.

Yaani nimeongeza, ikapungua! Hesabu gani hiyo?

Hapo ndipo nilipopandwa. Nikapanda juu ya kizingiti cha pampu, nikaapa mbele ya kila mtu: kuanzia leo, gari lile likiwa mikononi mwangu, halitanywa tone lingine la tisini na tano kutoka pampu hii, na atakayeniona naomba ya njano aniite Kobe mpaka kaburini.

Dada akasema Babu, si tunakuita hivyo hivyo?

Nyumbani mke wangu alinimiminia chai ya moto, akaongezea chai iliyopoa ya asubuhi. Akaniambia kunywa, hiyo ni moto mara mbili. Kumbe habari zilishafika. Nimemwambia chai si petroli. Nimeinywa. Ilikuwa vuguvugu.

Ijumaa, 7 Juni

Gari bado linagonga, ila kidogo. Maharage yamepungua koponi.

Nimewaza kwenda kituo kingine cha mafuta, ambako hawajui kiapo changu. Kipo ng'ambo ya kilima. Nimekaa kwenye usukani nikalifikiria hilo kwa muda. Ili gari lipande kilima nahitaji petroli iliyoko ng'ambo ya kilima. Nikaupiga usukani ngumi. Honi ikalia, jirani akatoka akadhani namwita. Ikabidi nimuulize habari za mgongo wake. Nimezipata zote.

Nikaenda kwa fundi. Anaitwa Fundi Masikio, maana hafungui kitu mpaka asikilize kwanza. Alinikalisha kwenye tairi kuukuu nikasubiri zamu yangu nyuma ya lori. Zamu ilipofika akafunga macho, akaniambia niliwashe gari, akainamisha kichwa kama kuhani. Nikajiandaa kusikia habari kubwa. Plagi, valvu, pengine injini nzima.

Akafungua macho akasema hakuna ubovu. Maliza petroli hiyo, weka tisini na tano, endesha taratibu mpaka hapo. Basi.

Basi! Ndilo nililosubiri kwenye tairi? Hata mke wangu angeniambia hivyo! Mke wangu ameniambia hivyo!

Nikamuuliza hakuna njia nyingine. Akasema ipo, ni kuvunja kiapo. Hata huyu kashasikia. Mji huu hauna siri, una vibanda vya kahawa.

Jumamosi, 8 Juni

Mwenzangu wa zamani wa kazini kanipigia simu. Yule aliyekuwa akiendesha greda, jina likamganda, Greda. Yeye hana elimu ya kuniumiza kichwa. Kaniambia enzi zetu madereva wa mbio walikuwa wakitia kwenye tangi vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kwenye nguo kufukuza wadudu. Vinapandisha oktani, kasema, mpaka injini inaimba. Nikamuuliza aliwahi kujaribu? Akasema yeye hapana, ila alimfahamu mtu aliyekuwa anamfahamu mtu.

Inatosha. Huo ni ushahidi.

Mke wangu alikuwa sokoni. Sanduku lake la nguo za heshima liko chini ya kitanda. Nikachota vidonge vyote, kila mfuko wa nguo, kila kona. Nikavitwanga kwenye kinu chake cha vitunguu saumu. Harufu ikanipanda mpaka ubongoni, nikaona marehemu bibi yangu kasimama mlangoni kavaa nguo za kutokea. Nikaukoroga unga na petroli kidogo ndani ya chupa, nikamimina kwenye tangi. Nikatikisa gari kwa kiuno ili vichanganyike. Jirani alikuwa anaangalia. Nikamwambia nafanya mazoezi ya mgongo.

Mwanzo, ajabu! Gari likaimba kweli. Nikaenda hadi chini ya kilima bila harage hata moja. Nikaanza kupanda. Nikafika kwenye geti la bluu, nikapiga honi, nikatoa mkono nje ili Maabara auone vizuri.

Hapo hapo likakohoa. Likakohoa tena. Likazima.

Pale pale! Mbele ya geti! Na mkono bado uko nje!

Gari hili la kisasa lina pua nyepesi kama mtoto wa mjini, halikuvumilia vidonge. Maabara akatoka na kandambili. Akanusa hewa, akauliza kuna mtu kafungua kabati? Nikasema sijui anaongea nini. Akanisukuma nikarudi kinyumenyume mpaka chini, yeye na watu wawili waliokuwa wakienda zao. Waliimba wakati wa kusukuma. Wimbo wenyewe waliutunga papo hapo, na jina langu lilikuwemo.

Jioni mke wangu alikishika kinu, akakinusa. Akakiweka mezani mbele yangu, akaenda kukaanga mayai yasiyo na kitunguu saumu. Nimewahi kugombezwa kwa miaka mingi katika nyumba hii, lakini mayai yale yalinipeleka kulala mapema.

Jumapili, 9 Juni

Leo naandika kwa furaha. Hasira nimeiweka kando, nitairudia kesho.

Nilikuwa nimebakiwa na siku mbili, gari linakohoa, kiapo kimenikaba. Tisini na tano naihitaji, kuiomba siwezi. Nikakaa barazani nikiwa nimenuna, ndipo Maabara akaingia na gari lake kwa chakula cha mchana, kama kila Jumapili. Gari lake ni jeupe, la zamani, lina umri wa ndoa yangu na linachukua muda ule ule kuwaka. Analipangusa kwa kitambaa laini kila akishuka.

Nikajiuliza: Maabara, bingwa wa oktani, mzee wa uvumilivu, anaweka nini kwenye tangi lake?

Jibu lilinifanya nisimame. Tisini na tano! Atawekaje nyingine mtu wa namna ile? Tangi zima la tisini na tano limekuja lenyewe hadi uani kwangu, na kiapo changu kilisema kutoka pampu ile. Sikusema lolote juu ya tangi la shemeji!

Nikamlisha. Nilimwongezea mwenyewe kwenye sahani, mke wangu akaniangalia kwa wasiwasi. Nilimuuliza kuhusu kemia, akaeleza, akashiba, akachoka kwa maelezo yake mwenyewe. Akalala kwenye kochi, kinywa wazi. Mke wangu akaenda kwa jirani kuuliza habari za mgongo.

Nikatoa mpira na madumu. Nikavuta kwa kinywa, nikameza funda moja. Haikuwa na ladha yoyote ya pekee, kwa petroli inayosifiwa namna ile. Nikaitoa yote ya kwake nikaweka kwenye madumu. Nikaitoa yote ya kwangu, yenye vidonge, nikammiminia yeye. Ya kwake nikalinywesha gari jekundu. Haki bin haki, kila mmoja kapata. Huo si wizi, ni kubadilishana.

Alipoamka akanikuta barazani nasoma gazeti. Nikamuaga kwa mikono miwili. Nikacheua, akarudi nyuma hatua, akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia moyo wangu umejaa upendo.

Jumatatu, 10 Juni

Gari limetulia kama maji mtungini. Kikohozi kimepona. Nimelizungusha mtaani, tambarare tupu, kwenda na kurudi. Laini!

Kilima sijajaribu. Sitaki Maabara anione kabla ya wakati. Nataka kesho anione mara moja tu, nikipita, halafu aone vumbi.

Nimeosha gari. Nimeosha hata ndani ya kifuniko cha tangi, pale penye maandishi. Tisini na tano. Sawa, nimesikia! Unayo sasa, usinipigie kelele!

Nimekasirika kidogo tu leo, kwa sababu jirani kaniuliza kama kesho ndiyo siku ya kukabidhi funguo. Kukabidhi! Nimemwambia aje asimame barabarani alete na mgongo wake.

Ukweli ni kwamba usiku wa jana sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza kiti cha abiria. Nimekaa maisha yangu yote upande wa usukani. Upande ule mwingine sijui hata miguu inawekwa wapi.

Jumanne, 11 Juni

Laana! Laana ya pampu zote, mipira yote, na kila aliyewahi kushika chupa ya maabara!

Binti karudi saa nne. Kalizunguka gari, kaliona safi, kanibusu shavuni. Akakaa kando yangu, akafunga mkanda. Gari ni la viti viwili, kwa hiyo mke wangu akapanda la Maabara, wakafuata nyuma kama mashahidi wa kesi.

Tambarare niliendesha kama mfalme. Binti akasema Baba, mikono yako bado mizuri.

Chini ya kilima nikakanyaga.

Kokokoko.

Maharage! Kopo zima! Gunia! Nikakanyaga, yakachachamaa. Binti akanigeukia taratibu. Nikawasha redio. Akaizima. Mwendo ukashuka, ukashuka tena, mpaka nikaanza kusoma mabango ya ukutani. Nilikuwa nayasoma vizuri sana, mpaka maandishi madogo.

Kisha kwenye kioo nikaona kitu cheupe. Kinakuja. Kinakuja kwa kasi! Gari la Maabara, kikongwe kile, linapanda kilima kama mwanambuzi aliyeachiwa kamba! Halikohoi! Linaimba! Likatufikia, likawa sambamba nasi. Maabara mwenyewe katoa macho, kashika usukani kwa mikono miwili kama anayebebwa na farasi. Mke wangu dirishani, kaziba pua kwa mtandio. Wakapita! Nyuma yao wakaacha harufu ya sanduku la nguo.

Geti la bluu nalo likapita, kwa unyonge. Jirani alikuwa kasimama hapo, kweli kaja.

Tulifika juu, Mungu mwenyewe anajua namna gani. Maabara alikuwa ameshashuka, analishangaa gari lake, analigusa boneti kama anampima mtu homa. Anasema toka linunuliwe halijawahi kupanda hivi. Mimi nikashuka nimefura. Nikamnyooshea kidole mbele ya binti yangu. Nikamuuliza wewe mtaalamu, wewe bingwa, kwenye tangi lako unaweka petroli gani?

Akasema kwa upole kwamba anaweka ya kijani. Tisini na moja. Kifuniko chake kimeandikwa hivyo. Injini yake ni mzee mpole, haibani kitu, kuipa ya njano ni kumvisha punda viatu. Kila injini na namba yake, akasema, ndilo nililokuwa nakueleza toka Jumatatu ile.

Nikapiga kelele. Nikasema mwongo mkubwa wewe, yaani nimehangaika kote kule, nimeramba mpira, nimemeza funda zima, kumbe nafyonza tisini na moja?

Matangi ya maji yalikuwa yakidondosha matone, nikayasikia yote.

Mke wangu akashusha mtandio puani. Akasema kwa hiyo vidonge vya sanduku langu viko humu. Maabara akafungua kifuniko cha tangi lake, akanusa, akakifunga. Nilitegemea atanitukana, nilikuwa nimeshaandaa majibu. Badala yake akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini barabarani, mtu mzima, na suruali yake iliyopigwa pasi. Binti yangu naye akacheka, huku kanyoosha mkono, kiganja kiko wazi.

Nikaweka funguo. Moja, halafu ya akiba.

Akasema Baba, kama ungejaza tu ile ya njano. Akaishia hapo. Angenigombeza ningepona. Alinishika mkono tukaenda kwenye gari jeupe, akanifungulia mlango wa abiria.

Miguu inawekwa mbele. Nimejua sasa. Panabana.

Jumatano, 12 Juni

Nimeendeshwa. Maabara kanipeleka kukatwa nywele. Anaendesha akiwa amejikunja kwenye usukani, anatoa ishara ya kukata kona kabla hata kona haijaonekana. Watoto wa shule walitupita wakienda. Tulipotoka kwa kinyozi tukawakuta mbele wakirudi. Mmoja akasema shikamoo Babu Kobe. Maabara akaitikia marahaba, akadhani anaitwa yeye! Nimekasirika mpaka shingo yangu iliyonyolewa sasa hivi ikaanza kuwasha.

Njiani alisimama kujaza mafuta. Dada wa pampu akashika wa kijani bila kuuliza. Akanichungulia dirishani, akanipa pole, akasema hii Babu ni zawadi, akanipa soda. Ile ya Maabara! Nimeinywa kwa chuki. Ilikuwa baridi.

Sasa nielewane na wewe, daftari. Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, kosa liko wapi. Oktani haina kosa. Vidonge havina kosa: si vimekipandisha kikongwe kile kama mwanambuzi? Nilivumbua kitu sahihi nikakiweka kwenye gari lisilostahili. Greda hakukosea. Hata hesabu yangu haikukosea. Ilikosa namba kubwa.

Na leo pale pampu nimeona mafundi wanafunga mpira mpya, mwekundu. Dada kasema ni tisini na nane, itaanza kuuzwa Ijumaa. Kiapo changu kilitaja ya njano tu.

Tisini na moja iliyomo ndani ya gari la Maabara, na tisini na nane. Mia moja themanini na tisa! Kabla hata ya kutia vidonge.

Mke wangu kafunga sanduku kwa kufuli, lakini kule kwa kinyozi, mlango wa pili, kuna duka linaviuza. Pakiti iko mfukoni mwangu naandika hivi. Madumu nimeyaosha. Maabara kathibitisha kwamba Jumapili atakuja kula, na mimi nimemuahidi nitampakulia mwenyewe.

Akilala, funguo huwa anaziweka ndani ya kiatu.